Sauti Isiyosafishwa: Uhakiki wa Ufundishaji wa Lugha kwa Mitambo ya Dijitali Ukingoni mwa Ziwa Victoria

Katika miaka ya karibuni imekuwa desturi ya wasomi wengi kuizungumzia teknolojia ya dijitali vyuoni kana kwamba ni mapinduzi yaliyokwisha kutimia. Husemwa kwamba kuta za darasa zimeanguka, kwamba mwanafunzi amepata maktaba kiganjani mwake, na kwamba mhadhiri amebaki kuwa mwelekezi tu. Madai hayo yanastahili kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa. Makala haya yanayachunguza kwa kuangalia somo moja, yaani Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika, na eneo moja, yaani Kisumu na ukingo wa Kenya wa Ziwa Victoria. Hoja inayotetewa ni kwamba mitambo imebadili njia ya kufikisha maarifa upesi kuliko ilivyoyabadili maarifa yenyewe, na kwamba faida yake kubwa kwa masomo ya lugha bado haijavunwa.

Yafaa kuanza na historia. Mwaka 1968, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ wa Thiong'o walipopendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo cha Nairobi, walitaka fasihi simulizi ya Kiafrika iwekwe katika kiini cha mafunzo. Katika miaka iliyofuata, ukusanyaji wa fasihi hiyo ukawa sehemu ya kazi ya mwanafunzi. Asenath Bole Odaga, aliyeandika na kuchapisha vitabu Kisumu, alikuwa miongoni mwa walioendeleza kazi hiyo ukingoni mwa ziwa. Kinasa sauti cha kanda kilikuwa teknolojia ya wakati huo, lakini thamani yake haikuwa katika betri wala katika kanda. Thamani yake ilikuwa kwamba kilimtoa mwanafunzi darasani. Alilazimika kwenda kwa wazee, kuomba ruhusa, kusikiliza, kunukuu na kufasiri. Kifaa kilimtumikia mtafiti; hakikufikiri kwa niaba yake.

Mkondo wa pili wa teknolojia ulikuja kwa dharura. Vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mhadhara ulihamia kwenye simu. Mwezi Julai mwaka huo kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet ya Marekani, ilianza kushirikiana na Telkom Kenya kusambaza intaneti kwa maputo yaliyoelea umbali wa kilomita 20 hivi angani. Eneo lililohudumiwa lilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 50,000, na Kisumu ilikuwa ndani yake. Mwezi Januari 2021 ilitangazwa kwamba mradi huo ungefungwa, na mwaka huohuo maputo yakatoweka. Kisa hiki kina funzo. Mtaala uliotundikwa juu ya chombo ambacho chuo hakikimiliki huanguka siku mwenye chombo anapobadili nia.

Lakini liko swali la pili, zito zaidi: ni nini kilichosafirishwa na mitandao hiyo? Mara nyingi yalikuwa ni maandishi yaleyale ya imla yaliyokuwa yakisomwa ukumbini. Mwanafunzi aliyeyanakili kwa kalamu sasa aliyapokea yakiwa yamekwisha kuchapwa, na pengine hakuyasoma. Uhusiano wake na maarifa haukubadilika. Alibaki kuwa mpokeaji.

Dalili ya njia iliyo bora zaidi imeonekana papo hapo katika eneo hilo. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Africa Nazarene, walikusanya hazina ya matini na sauti inayoitwa Kencorpus, ambayo taarifa zake zilitolewa mwaka 2022. Hazina hiyo ina Kiswahili, Kidholuo na lahaja tatu za Kiluhya, yaani Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Ina matini 4,442 zenye maneno yapatayo milioni 5.6, pamoja na faili 1,152 za sauti zenye jumla ya saa 177. Kutokana nayo zimetengenezwa seti za maneno yaliyoainishwa kisarufi, tafsiri za kwenda Kiswahili, na zaidi ya maswali na majibu 7,500 ya Kiswahili. Hii ni kazi ya kusifiwa. Lugha ambazo mashine za kigeni zilizipuuza kwa muda mrefu zimepewa akiba yao wenyewe, na akiba hiyo imekusanywa na watu wanaozijua.

Pamoja na sifa hiyo, mhakiki hana budi kuuliza hazina ya aina hii inaweza kusema nini darasani, na isiweze kusema nini.

Chukua mfano wa samaki. Mvuvi wa Dunga au Mbita humwita mbuta samaki ambaye mvuvi wa Mwanza humwita sangara. Uganda huitwa mputa. Ngege wa soko la Kisumu ni sato wa Mwanza, na omena ni dagaa wa ziwani. Ziwa ni moja na samaki ni mmoja, lakini majina yanafuata mipaka ya nchi. Mashine iliyofunzwa kwa wingi wa matini hupendelea jina lililoandikwa mara nyingi zaidi. Ikiwa magazeti na vitabu vingi vimeandika dagaa, basi omena huonekana kuwa kosa, ingawa ndilo neno linalonunulia mboga Kisumu. Wingi wa matukio si hukumu ya usanifu. Mwanafunzi aliyefunzwa kuihoji hazina ya matini anaweza kuligundua hili mwenyewe: atahesabu matukio, atalinganisha vyanzo, kisha ataeleza kwa nini hesabu imetoka hivyo. Hapo mashine imekuwa ala ya isimu. Asiyefunzwa ataukubali uamuzi wake kama alivyoikubali imla.

Mfano wa pili unagusa fasihi simulizi. Katika utamaduni wa Waluo kuna pakruok, yaani majigambo yanayotolewa wakati wa ngoma. Mshiriki humsimamisha mpiga nyatiti, aghalabu kwa kumtunza fedha, akajisifu au akamsifu rafiki, kisha muziki ukaendelea. Rekodi inayofaa kufunzia mashine hutakiwa iwe safi: msemaji mmoja, sauti moja, kelele chache. Kwa kipimo hicho pakruok ni rekodi mbovu. Anayekatiza ni kelele, kicheko ni kelele, na sarafu inayodondoka ni kelele. Lakini kwa kipimo cha fasihi, ukatizaji huo ndio matini yenyewe. Ukiuondoa, unabaki wimbo wa mtu mmoja, na utanzu umekufa. Mwalimu anayefundisha fasihi simulizi kwa rekodi zilizosafishwa, pasipo kueleza kilichoondolewa, huwafundisha wanafunzi wake fasihi ambayo jamii haijapata kuwa nayo.

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, walimu wengi wamelalamika kwamba insha za wanafunzi zinaandikwa na akili unde. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini yanafichua udhaifu uliotangulia mashine. Swali linalomtaka mwanafunzi ataje sifa tano za ngano lilikuwa likijibiwa kwa kukariri. Leo linajibiwa kwa kubofya. Katika hali zote mbili hakuna aliyefikiri. Marufuku peke yake haitatibu ugonjwa huu. Swali lenyewe ndilo linalopaswa kubadilishwa. Mwanafunzi akitakiwa kurekodi maongezi ya wachuuzi wa samaki, kuyanukuu, kueleza mahali Kiswahili kinapopisha Kidholuo, na kuutetea unukuzi wake mbele ya wenzake huku rekodi ikisikika, mashine haina cha kumwandikia.

Huenda ikapingwa kwamba madarasa ni makubwa na gharama ya intaneti ni nzito. Pingamizi hilo lina uzito, ila haliipingi kazi inayopendekezwa hapa. Kurekodi kwa simu hakuhitaji intaneti, na unukuzi unaweza kufanywa na vikundi vya watu wanne au watano, simu moja ikiwatosha. Lililo gumu zaidi ni haki ya mwenye sauti. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, sauti inayomtambulisha mtu haichukuliwi kiholela. Mchuuzi anapaswa kuelezwa sauti yake inakwenda wapi, nani ataisikiliza, na kama itatumiwa kufunzia mashine. Kumfundisha mwanafunzi kuomba ruhusa hiyo kwa lugha inayoeleweka sokoni ni somo la Kiswahili kama lilivyo somo lolote la sarufi.

Kwa muhtasari, hakuna sababu ya kuikataa mitambo hii, wala ya kuishangilia kwa kuwa ni mipya. Kipimo chake kiwe kilekile kilichofaa kanda za zamani: je, imemtoa mwanafunzi akaenda kusikiliza, au imemfungia ndani na majibu? Idara za Kiswahili za ukingo wa ziwa zimezungukwa na lugha tatu na zaidi, zinazosemwa kila asubuhi hatua chache kutoka ukumbi wa mihadhara. Zikiwatuma wanafunzi huko na simu walizo nazo tayari, hazina iliyoanzwa itaongezeka, na pakruok itaingia humo pamoja na kelele zake.