Ufundi wa Bao na Fahari ya Taifa

Michezo ya karata za kukusanya, ambayo mchezaji hununua na kubadilishana karata ili ajiundie fungu lake kabla ya kuketi kushindana, ilipata umaarufu kwa Magic: The Gathering, uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa Marekani mwaka 1993, na kati ya mwaka 2012 na 2018 mchezo huo ulikuwa na kombe lililoshindaniwa na timu za mataifa, kila moja ikibeba fahari ya nchi yake. Anayetafuta akili ya namna hiyo Tangini mjini Kibaha, au Kisarawe, hana haja ya kuvuka bahari, kwa maana Pwani ina bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, yaani shimo la pembe nne lililo safu ya mbele, na 22 mkononi. Hatua ya kwanza huitwa kunamua: mchezaji huweka kete moja katika shimo lake lenye kete linalotazamana na shimo la mpinzani lisilo tupu, huzila kete za huko, kisha huzisambaza moja moja kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho wa safu ya mbele; kete ya mwisho ikiangukia penye kete na mbele yake pana cha kula, hula tena, na ikiangukia patupu, mchezaji amelala na zamu inahama. Kete za mkononi zikiisha huja mtaji, ambapo huchezwa kwa zile zilizomo ubaoni tu. Ufundi hujulikana hasa msambao unapoishia nyumbani, mchezaji akapaswa kuchagua kutulia au kuisafirisha nyumba yake, naye fundi huwa ameshahesabu mzunguko mzima kwa macho kabla hajagusa kete. Karata huchanganywa, na aliyeshindwa anaweza kuilaumu bahati. Katika bao hakuna kilichofichwa, kwa hiyo kushindwa ni kuzidiwa hesabu, basi.

Heshima ya mchezo huu si ya jana. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliutungia shairi katika karne ya 19, Mwalimu Nyerere aliupenda, na mwaka 1995 Alex de Voogt aliwasilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kuhusu umahiri wa mabingwa wa Zanzibar. Inasikitisha kidogo kwamba kazi kubwa kiasi hicho iliandikwa ugenini, ingawa mwandishi wake anastahili shukrani.

Katika kuweka kumbukumbu ndipo wacheza karata walipotangulia. Fungu la bingwa wao huchapishwa, likachambuliwa na wanaomfuata, ilhali mchezo mzuri wa bao kwa kawaida hufutika pale pale kete zinaporudishwa kupangwa upya. Vilabu vya bao na maofisa utamaduni wa Kibaha na Kisarawe waanze na daftari: kila fainali iandikwe hatua kwa hatua, pamoja na jina la aliyeshinda na la aliyeshindwa.