Jinsi Cypress Ilivyookolewa na Mabua

Ni miji michache mikubwa duniani ambako mtu anaweza kutoka kazini jioni, akapanda mlima, akateleza kwenye theluji chini ya taa, kisha akarudi kulala kwake. Vancouver, magharibi mwa Kanada, ni mmojawapo. Kaskazini mwa jiji, ng'ambo ya maji, kuna milima mitatu yenye viwanja vya skii: Grouse, Seymour na Cypress. Cypress iko mwendo wa nusu saa hivi kwa gari kutoka katikati ya jiji, na ndiyo maana ilipewa mashindano ya skii ya mtindo huru na ya ubao wa theluji katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2010, huku mbio za kasi za mlimani zikipelekwa Whistler, kilomita 120 hivi kaskazini. Januari ya mwaka huo theluji ya Cypress iliyeyuka mbele ya macho ya dunia nzima. Hata hivyo mashindano yote yaliyopangiwa mlima huo yalifanyika, na seti zote 12 za medali zikatolewa. Kilichosimuliwa zaidi baadaye ni helikopta na malori yaliyoleta theluji. Yalikuwepo kweli, lakini ukiyachunguza mambo kifundi utaona kuwa hayakuwa kiini cha kazi. Waandaaji hawakufaulu kwa kuongeza theluji. Walifaulu kwa kupunguza kiasi cha theluji ambacho njia za mashindano zilihitaji.

Tuanze na hesabu ya mahali penyewe. Njia za Cypress zilikuwa kati ya mita 900 na 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko chini tu ya mlima. Wastani wa joto la Januari jijini Vancouver ni nyuzi 3 na ushei za Selsiasi. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo Januari ya kawaida huipa Cypress nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, kiasi kinachotosha kabisa kuhifadhi theluji. Januari 2010, mwaka wa El Niño, wastani wa jiji ulipita nyuzi 7, ukavunja rekodi zote zilizokuwepo. Toa nyuzi 6 kwa ajili ya urefu wa mlima, na unabaki na nyuzi 1 juu ya sifuri. Tofauti ya nyuzi 4 tu iliuhamisha mlima mzima kutoka upande wa kuganda hadi upande wa kuyeyuka. Mlima ulio juu zaidi na mbali zaidi na bahari ungeongezeka joto vilevile na bado ukabaki chini ya sifuri. Kinachoumiza viwanja vya skii vilivyo karibu na miji ya pwani ni kwamba vimekaa kwenye ukingo wa sifuri hata katika mwaka mzuri.

Cypress ilikuwa na mashine za kutengeneza theluji, zilizofungwa kwa ajili ya michezo hiyo. Kwa nini hazikuwashwa tu? Mashine hiyo hurusha matone madogo ya maji hewani, na matone hayo lazima yagande kabla ya kutua. Sehemu ndogo ya kila tone huvukizwa, na uvukizi huo hulipoza lile lililobaki. Ndiyo sababu mafundi hawaangalii joto la hewa peke yake. Huangalia kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, ambacho hupima joto na unyevu kwa pamoja, na kwa kawaida hutaka kishuke hadi nyuzi 2 au zaidi chini ya sifuri. Katika hewa kavu hilo linawezekana hata pale kipimajoto cha kawaida kinapokaribia sifuri. Katika hewa ya Pasifiki, iliyoshiba maji, vipimajoto hivyo viwili karibu vinalingana, na mashine hurusha mvua ya baridi tu. Olimpiki ya Beijing ya 2022 iliendeshwa karibu yote kwa theluji ya mashine, na wengi wakadhani kwamba teknolojia imemaliza tatizo. Milima ya Yanqing na Zhangjiakou ni ya baridi kali na kavu; kilichokosekana huko kilikuwa maji kutoka mbinguni, na maji yanaweza kuvutwa kwa bomba. Baridi haivutwi kwa bomba.

Basi theluji ilitoka wapi? Sehemu yake ilitengenezwa na kukusanywa mapema, wakati baridi ilipokuwepo, ikarundikwa sehemu za juu za mlima, kisha ikasukumwa chini kwa mashine. Helikopta zilibeba nyingine. Malori yalileta nyingine kutoka Manning Park, zaidi ya kilomita 200 mashariki, ambako ardhi ni ya juu na hali ya hewa haitawaliwi sana na bahari. Lakini jiulize kiasi kilichotakiwa. Njia ya skii ya mtindo huru si mteremko uliofunikwa tu. Ina matuta ya kurukia, kona zilizoinuliwa na vichuguu vilivyopangwa safu kwa safu, na mfereji wa wapanda ubao una kuta zinazopanda karibu mita 7 kila upande. Theluji iliyoanguka karibuni ni nyepesi mno: mita ya ujazo moja ina kilo 100 hivi, au pungufu, ilhali ile iliyoshindiliwa kwa mashindano hukaribia kilo 500. Kwa hiyo mita moja ya njia humeza mita kadhaa za theluji laini. Kujenga maumbo yote hayo kwa theluji tupu, kwa malori, katika wiki chache zenye mvua, kulikuwa jambo la kufikirika kwenye karatasi tu.

Hapo ndipo mabua yalipoingia. Wajenzi walichukua marobota ya mabua na mbao, wakajenga kwayo viini vya maumbo, kisha wakaweka theluji juu na kuishindilia. Ni kama fundi mwashi anayejaza mawe katikati ya msingi mpana ili asimalize saruji yote humo. Ubora wa uamuzi huo unaonekana ukifikiria mahali theluji inapofanyia kazi. Skii hugusa sentimita chache za juu. Jua, mvua na upepo hushambulia palepale juu. Theluji iliyo katikati ya tuta haiguswi na mchezaji wala na hali ya hewa. Kazi yake ni kushikilia umbo, na kazi hiyo robota la mabua linaiweza bila kuyeyuka. Kila mita ya ujazo ya mabua iliyozikwa chini iliachilia mita ya ujazo ya theluji iwekwe akiba kwa ajili ya kuziba pale palipoliwa usiku wa kuamkia mashindano. Baadhi ya sehemu zilipozwa pia kwa barafu kavu, yaani hewa ya ukaa iliyogandishwa, ambayo ina nyuzi 78 chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa dawa ya mahali padogo, na nisingeipa sifa kubwa.

Hatua nyingine mbili zina mantiki ileile, ingawa husahaulika kwa kuwa hazina picha ya kuvutia. Katikati ya Januari, mapema kuliko ilivyopangwa, uwanja ulifungwa kwa watelezaji wa kawaida, kwa sababu kila anayepita hukwangua theluji kidogo na kuisukuma chini. Ratiba ya mazoezi ya wanamichezo nayo ilibanwa. Zote mbili ni njia za kupunguza matumizi, na hakuna helikopta ingeweza kufidia theluji ambayo ingepotea kama zisingechukuliwa.

Adui mkubwa wa theluji si lazima awe mvua, kinyume na wanavyodhani wengi. Kuyeyusha kilo 1 ya theluji iliyofikia sifuri kunahitaji kilojuli 334. Kilo 1 ya mvua yenye nyuzi 5 ikipoa hadi sifuri hutoa kilojuli 21 tu, zinazoyeyusha gramu 63. Lakini kilo 1 ya mvuke wa hewani ikigeuka maji juu ya theluji hutoa kilojuli 2,500 hivi, zinazotosha kuyeyusha kilo 7 na zaidi. Upepo wa vuguvugu wenye unyevu unaopita usiku kucha unaweza kula theluji nyingi kuliko mvua ya mchana kutwa inayoogopwa na kila mtu. Ushindi dhidi ya upepo wa namna hiyo unategemea kuwa na eneo dogo la kushambuliwa na tabaka nene lililoshikana. Kutandaza theluji nyembamba mahali papana ni kuitoa kafara.

Ushahidi wa hilo ulipatikana Cypress penyewe, na kwa gharama. Sehemu ya watazamaji wa kusimama nayo ilikuwa imejengwa juu ya marobota ya mabua yaliyofunikwa theluji. Huko tabaka lilikuwa jembamba, na halikuwa na mashine za kulirekebisha kila usiku kama zilivyokuwa njia za mashindano. Mvua ikaosha theluji iliyoshikilia marobota, mianya ikatokea kati yake, na watu wangeweza kudidimia na kuumia miguu. Kamati ya maandalizi ikafuta tiketi 28,000 za kusimama. Mbinu iliyofaulu mita chache kutoka hapo ilishindwa, na tofauti ilikuwa unene wa tabaka na matengenezo. Ni aibu ndogo kwamba waliokosa nafasi ni wenye tiketi za bei ya chini, huenda wengi wao wakazi wa jiji ambao kwa ajili yao ukaribu wa mlima ulisifiwa.

Mtu anaweza kupinga kwamba haya yote yalitokana na mwaka mmoja mbaya, na kwamba mwaka mmoja hauhukumu mlima. Hoja hiyo ina uzito kidogo. Lakini mwaka mbaya ulirudi: katika msimu wa 2014–15 milima hiyo ya kaskazini mwa Vancouver ilikaa muda mrefu bila theluji ya kutosha, safari hii bila kamera za Olimpiki. Mahali ambapo wastani uko nyuzi 2 au 3 tu chini ya sifuri, mwaka mbaya ni sehemu ya hali ya hewa ya kawaida ya mahali hapo.

Wengine husema mashindano yangefaa kuhamishiwa Whistler. Whistler ilipata mita 5 na nusu za theluji mwezi Novemba 2009 pekee, kwa hiyo pendekezo linavutia. Lakini ilikuwa tayari imebeba mbio zote za mlimani, na hali ya hewa huko nako ilisumbua hadi mbio za kasi za wanaume zikaahirishwa kwa siku mbili. Kuongeza mashindano mengine huko kungekuwa kuweka mayai yote chini ya wingu moja. Hoja nzito zaidi ni ya mazingira: je, ni busara kuchoma mafuta ya helikopta ili kubeba theluji? Kwa maoni yangu si busara, na hesabu iliyotolewa hapa inaiunga mkono hoja hiyo. Kama sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mabua, akiba ya mapema na kufunga uwanja, basi safari za helikopta zilikuwa ile sehemu ya mwisho iliyo ghali kuliko zote, na maandalizi ya mapema zaidi yangeipunguza. Waandaaji wa Sochi 2014, nao karibu na bahari, walihifadhi theluji ya msimu uliotangulia chini ya vifuniko vya kuzuia joto wakati wote wa kiangazi. Hiyo ni njia ya busara zaidi kwa mlima wa aina hii.

Kwa msomaji anayeishi Vancouver au anayepanga kwenda kutembea huko, hesabu ni nyepesi. Chukua joto la jiji, toa 6, na usisahau unyevu. Likibaki juu ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo na ukungu umetanda, usinunue tiketi ya Cypress wiki hiyo. Nenda Whistler, au subiri.