Kimbunga Hakijafika Dukani

Tarehe 27 Septemba 2022 kimbunga kilichopewa jina la Ian kilipiga magharibi ya Kuba, katika mkoa wa Pinar del Río ulio mashuhuri kwa tumbaku. Maelfu ya mabanda ya kukaushia majani, yaliyojengwa kwa mbao na kuezekwa makuti, yalilala chini, na siku hiyohiyo kisiwa kizima kikakosa umeme. Taa ziliporudi, mtu aliyeingia katika duka la sigara mjini Havana, namaanisha zile sigara nene zisokotwazo kwa mkono kwa majani matupu, asingeuona msiba huo katika sigara zenyewe. Jani la tumbaku likishavunwa huanikwa bandani, huvundikwa, kisha hulazwa ghalani, na aghalabu hupita muda mrefu, pengine miaka, kabla ya fundi kulisokota. Sigara iliyokuwamo kabatini ilikuwa ya jua na mvua za misimu mingine. Shambani kimbunga kilikuwa kimekwishapita. Dukani kilikuwa bado hakijafika.

Nalileta duka hili mbele ya wasomaji kwa sababu ya swali moja la kiuhakiki: mtunzi wa maafa asimame wapi? Akisimama ndani ya upepo, ataona miti ikianguka na bahari ikifura, na utungo wake utajaa sauti. Akisimama dukani, haoni kitu. Inambidi azijue kazi za watu na muda wa kazi hizo ndipo atambue ni kipi kitakachokosekana baada ya miaka miwili au mitatu. Mimi naona ushairi huu wa pili ndio mgumu zaidi, na ndio uliopungua.

Kuba yenyewe inatupa mfano wa ule wa kwanza. José María Heredia aliandika utungo wake "En una tempestad" mwaka 1822, akiwa kijana wa miaka 18. Ni utungo wenye nguvu, wala sina nia ya kuupunguzia sifa. Mtunzi anakihisi kimbunga kabla hakijamfikia. Anamwonesha fahali akiichimba ardhi kwa kwato na kuiita dhoruba kwa mlio wake. Jua linafunikwa na mchana unaingia giza. Hadi hapo jicho lake ni jicho la mwana wa kisiwa. Lakini mwishoni anaiaga dunia, anabaki yeye na dhoruba peke yao, na roho yake inapaa kwa Mola. Kila nifikapo hapo mimi hugeuka nyuma nikauliza: yule fahali ni wa nani? Paa la mwenyewe limekuwaje? Utungo haujibu, kwa kuwa kimbunga humo ni ngazi ya kumpandisha mtu mmoja, na waliobaki chini hawakupewa ubeti.

Aliyeshuka ngazi hiyo ni Fernando Ortiz. Katika "Contrapunteo cubano del tabaco y el azúcar" (1940) aliwasimamisha Bwana Tumbaku na Bibi Sukari walumbane, kwa kufuata mfano wa malumbano ya ushairi wa kale wa Kihispania. Msomaji wa mwambao, aliyelelewa na mashairi ya kujibizana, hahitaji kufundishwa utamu wa mtindo huo. Sukari inakuja na mashine, mtaji mkubwa na utumwa. Tumbaku inakuja na mkulima mdogo na mkono unaolijua kila jani. Mgawanyo huu una ila yake. Watumwa walifanya kazi katika tumbaku pia, na malumbano yakinoga mno humsahaulisha msomaji kwamba walumbi hao wawili waliishi chini ya mjeledi mmoja.

Mwaka 1947 Ortiz alitoa "El huracán", kitabu kuhusu imani na alama za kimbunga. Humo anazichunguza sanamu za wenyeji wa kale wa Kuba, zenye kichwa katikati na mikono miwili iliyopinda kuelekea pande zinazopingana, na anazisoma kuwa ni picha ya upepo unaozunguka. Ni usomaji wa kuvutia. Lamentiko langu ni kwamba uzito wa tumbaku umekaa katika kitabu kimoja na uzito wa kimbunga katika kingine, ilhali kwa mkulima wa Pinar del Río hayo ni maisha yaleyale.

Daraja baina ya vitabu hivyo naliona katika karakana ya sigara. Tangu mwaka 1865 mafundi wa Havana walianza kumlipa mtu awasomee magazeti na vitabu huku mikono yao ikisokota. Watawala wa Kihispania walilipiga marufuku jambo hilo mwaka uliofuata, lakini lilirejea na limedumu. Jina la sigara Montecristo limetoka katika riwaya ya Alexandre Dumas. Katika karakana kama hiyo, habari ya kimbunga cha leo huingia sikioni wakati mkono unasokota jani la kabla ya kimbunga. Mahali hapo pa nyakati mbili ndipo ningependa mtunzi aketi.

Sisi watu wa visiwa tunalijua jambo hili. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika zaidi. Mkarafuu mchanga hauzai ila baada ya miaka kadhaa. Hivyo hesabu ya upepo wa siku moja iliendelea kuandikwa kwa muda mrefu, na uzito wa karafuu ukahamia Pemba. Hata hivyo, likitokea janga, tungo zetu humiminika juma lilelile: vina vimekamilika, mizani imetimia, pole zimetolewa, kisha kimya. Si vibaya, maana aliyefikwa ana haki ya kuliwazwa. Lakini matanga yakishaanuliwa, ni nani anayerudi? Nawaomba watunzi wetu warudi mwaka wa tatu, wamtazame mwenye duka anaponyoosha mkono juu ya rafu asikute kitu. Saa hiyo ndiyo kimbunga kinamfikia, nasi tumekwishamaliza kuimba.