Nani Amsemee Mbeba Boksi?

Hadithi iliyokuwa itoke kwenye kurasa hizi haikutoka. Niliiandika mimi, Mhariri akaikubali, na mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kuomba nirudishiwe. Iliitwa "Machozi ya Melbourne". Inamhusu kijana wa Dar es Salaam mwenye digrii ya uhasibu, aliyekwenda Australia kuongeza masomo akaishia kubeba boksi. Anasimulia mwenyewe: mimi nilifanya hivi, mimi niliona vile. Huyo "mimi" ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, na sikumwomba ruhusa. Nilimrushia tu kwa WhatsApp, nikingoja sifa.

Akanijibu kwa sauti, dakika 11. Kwanza alicheka. "Dogo, theluji umeitoa wapi?" Nilikuwa nimemsimamisha shujaa wangu kituo cha tramu siku ya Krismasi, theluji inamwangukia mabegani. Desemba ya Melbourne ni kiangazi, watu wako ufukweni. Nilikuwa nimeiazima baridi ya Ulaya kwenye sinema nikaihamishia kule chini ya dunia. Lakini hilo lilikuwa dogo. La pili ndilo lililonikaa kooni. "Kazi yenyewe iko wapi? Umeandika kurasa 9. Nalia kurasa 4. Kazini niko mstari mmoja."

Nilihesabu. Kweli, mstari mmoja: "Usiku nilibeba maboksi hadi mgongo ukaniuma." Basi.

La tatu alilisema polepole. "Na mama akisoma?" Shangazi ni mwalimu mstaafu, husoma kila kilichochapwa, hata gazeti lililofungia maandazi. Kwa wenzake wa kikoba mwanawe ni mhasibu wa Australia, anakaa ofisini na kiyoyozi. Ndipo nikaenda kwa Mhariri kichwa chini.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta wenzetu waliandikaje habari hii ya mgeni kufika Australia na kuhangaikia mkate. Nimepata vitabu 3. Kimoja nilikiokota kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, viwili alinitumia binamu mwenyewe kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, labda kama adhabu.

Cha mtumba kinaitwa They're a Weird Mob, yaani hawa jamaa ni watu wa ajabu. Kilitoka mwaka 1957, na jalada likasema mwandishi ni Nino Culotta. Nino ni mwandishi wa habari wa Kiitaliano aliyetumwa na mkubwa wake akachunguze Waaustralia ni watu wa namna gani. Anatua Sydney na Kiingereza cha vitabuni, safi kabisa, na hamwelewi mtu. Anapata kibarua cha kusaidia waashi. Anachimba msingi, anasukuma toroli, mgongo unakatika. Baa anaambiwa ni zamu yake "kupiga kelele", naye anashangaa, apige kelele za nini? Kumbe neno hilo hilo la Kiingereza, kwa Waaustralia, ni kununua raundi. Mwishoni ana mke, Kay, ana nyumba na marafiki, na anawashauri wageni wenzake wajifunze Kiingereza na kuishi kama wenyeji.

Kinachekesha, sikatai. Nilicheka kwenye daladala mpaka konda akanikodolea macho. Kiliuzwa sana kwao, na mwaka 1966 Michael Powell akakifanyia filamu. Kurasa za kuchimba msingi bado ni nzuri, kwa sababu unajua jembe liko wapi na jua liko wapi. Nilipofika hapo nilianza kumwonea wivu huyu Mwitaliano.

Kumbe Mwitaliano hayupo. Aliyeandika ni John O'Grady, Mwaustralia mzaliwa, mfamasia kwa taaluma. Jina la Nino alilivaa. Nilipolijua hilo masikio yalinipata moto, maana alichofanya ndicho nilichofanya mimi kwa binamu yangu: kuingia katika ngozi ya mtu na kusema "mimi". Tofauti ni kwamba yeye walau alijua kuchimba msingi kukoje.

Sasa, wako watakaosema: tatizo nini? Mwandishi huvaa ngozi, ndiyo kazi yake. Nakubali. Shaaban Robert angekatazwa kusema kwa sauti ya mwingine tungekosa mengi. Tatizo langu na O'Grady liko kwenye ule ushauri wa mwisho. Mgeni wa kubuni anawahubiria wageni wa kweli, na mwenyeji aliyejificha nyuma yake anapiga makofi.

Kuuelewa uzito wa jambo hilo inabidi turudi nyuma kidogo. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaijua imla: mwalimu anasoma, wewe unaandika, kosa moja fimbo moja. Australia waliifanya imla kuwa sheria ya nchi. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ilimruhusu ofisa wa bandarini kumsomea mgeni maneno 50 kwa lugha ya Ulaya anayoichagua ofisa. Ukikosea, unarudi ulikotoka. Hawakuandika popote kwamba mweusi au Mchina haruhusiwi. Hawakuhitaji, walimchagulia tu lugha asiyoijua. Mwaka 1934 aliyefanyiwa hivyo alikuwa mwandishi: Egon Erwin Kisch wa Prague, mpinzani wa Hitler, mtu aliyejua lugha kadhaa. Walipomkatalia kushuka Melbourne aliruka kutoka melini hadi gatini, akavunjika mguu. Sydney wakamsomea imla kwa Kigaeli cha Uskochi. Alishindwa, angefanyaje? Baadaye Mahakama Kuu yao ikasema Kigaeli hicho hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile. Nakiri kwamba nimeisoma habari ya Kisch mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa makala haya.

Mtihani huo ulifutwa mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya kitabu cha Nino. Sera ya Australia Nyeupe yenyewe ilizikwa rasmi mwaka 1973. Rudi sasa uisome ile sehemu ya baa. Kwangu mimi ni imla iliyohamishwa kutoka bandarini: anayekosea anachekwa, anayepata ananunuliwa bia. Na Nino hawezi kufeli, kwa sababu aliyetunga swali ndiye aliyeandika jibu.

Kitabu cha pili hakina imla kwa sababu hakina maneno. The Arrival cha Shaun Tan kilitoka mwaka 2006. Tan amekulia Perth, baba yake ni mhamiaji kutoka Malaysia. Ni picha tupu kama za kalamu ya risasi, kurasa nzima nzima. Mtu anawaacha mke na binti, anapanda meli, anafika mji ambao haupo kwenye ramani yoyote. Si Australia kwa jina. Herufi za mabango ni za kubuni, chakula cha kubuni, hata wanyama wa kufuga ni wa kubuni, kwa hiyo wewe msomaji unakuwa mgeni sawa naye. Akitaka chumba anachora kitanda kwenye kijitabu chake. Anapata kazi ya kubandika matangazo, anayabandika kichwa chini miguu juu kwa sababu hajui kusoma, na kazi inaishia hapo. Baadaye yuko kiwandani, mbele ya mkanda unaosogea bila kukoma, na mzee aliye kando yake anamsimulia vita iliyomla mguu.

Jamani, yale matangazo! Nimesoma hadithi ngapi za vijana wetu waliozamia mamtoni, na hakuna iliyonionyesha aibu ya kazi kama ile picha. Haisemi kwamba mtu ana huzuni. Inaonyesha karatasi iliyogeuzwa.

Nina neno moja dhidi yake. Karibu kila mtu anayekutana naye ni mwema, kila mlango ukigongwa vya kutosha unafunguka, na mwisho familia inaungana mezani. Nilipomwambia binamu kwamba hiki ndicho kitabu bora kuliko vyote aliniuliza, "Kuna mtu alimuuliza uzoefu wa hapa hapa?" Ndipo akanieleza kwa mara ya kwanza jinsi alivyotafuta kazi. Alituma wasifu wake kila mahali, na majibu yalikuja kwa adabu nyingi: vyeti vizuri, ila huna uzoefu wa kazi wa Australia. Utaupataje bila kuajiriwa? Wanataka na watu 2 wa kukudhamini, wenye namba za simu za kule. Yeye namba alizokuwa nazo zilianza na +255. Rafiki mmoja wa Footscray, Mkongo aliyepitia kambi ya Nyarugusu, alimshauri aiondoe digrii kwenye karatasi. Akaiondoa. Wiki hiyo hiyo akapigiwa simu na wakala wa vibarua.

Mtu anafuta digrii yake ili apate kazi. Hapo ndipo nilipokielewa kitabu cha tatu, ambacho nilikuwa nimekiweka chini mara 2.

Black Rock White City cha A. S. Patrić kilitoka mwaka 2015 kwa wachapishaji wadogo wa Melbourne, Transit Lounge, na mwaka 2016 kikachukua tuzo ya Miles Franklin, kubwa kuliko zote za riwaya kule. (Wenzangu mnaochapa mashairi kwa kuchangishana, jipeni moyo.) Jovan na mkewe Suzana wamekimbia vita ya Bosnia baada ya kupoteza watoto wao. Kwao Jovan alikuwa mshairi. Melbourne ni msafishaji wa hospitali. Mtu asiyejulikana anaanza kuandika maneno ya ajabu na ya kutisha humo hospitalini, na ni Jovan anayeitwa na ndoo yake kuyafuta. Fikiri jambo hilo, wewe unayetaka kuwa mwandishi: mshairi anayelipwa kufuta maneno.

Kiingereza anachokisema Jovan ni cha kuvunjikavunjika, na wenzake kazini wanamchukulia hivyo. Kichwani mwake lakini kuna bahari. Patrić hamsahihishi, hampeleki baa akajifunze lugha achekwe hadi akubalike. Kwangu hilo ndilo jibu kwa Nino, limechelewa karibu miaka 60. Anayempima Jovan kwa imla ya mdomo atamkosa mtu mzima.

Hata hivyo sikipi alama zote. Kisa cha mwandika-ukutani kinakua hadi kinakuwa cha kipolisi, damu inazidi, na ile ndoo niliyoipenda inasahaulika pembeni. Nilitaka kujua dawa inawasha vipi mikono, zamu inaanza saa ngapi, nani anakagua sakafu. Mwandishi aliyetupa mshairi-msafishaji alikuwa na lulu mkononi, akahofia tusingeitazama bila maiti pembeni.

Binamu yeye hakuona maiti wala lulu. Alisema tu, "Huyu jamaa amewahi kushika mopu?" Swali hilo linaniudhi, kwa sababu likishinda litatufungia midomo sote tusiowahi kushika kitu. Lakini sina la kulijibu. Nilimwomba basi anieleze zamu moja, mwanzo hadi mwisho, mimi nikae kimya.

Ujumbe wa wakala huingia saa 10 alfajiri: uko tayari leo? Ukichelewa kujibu, kapewa mwingine. Yeye ni mwanafunzi, tangu Julai 2023 sheria inamruhusu saa 48 kwa wiki 2 masomo yakiendelea, kwa hiyo kila ujumbe anaupigia hesabu, na uhasibu wake unatumika hapo. Ghala liko Truganina, magharibi ya mji. Anavaa kizibao cha kung'aa na buti zenye chuma mbele. Kisha anavaa hedifoni yenye kinasa sauti. Mashine inamwambia kwa Kiingereza aende njia ya ngapi. Akifika anaisomea mashine namba zilizobandikwa kwenye rafu, ijue kwamba yuko mahali sahihi. Ndipo inamwambia abebe mangapi. Siku ya kwanza alitumia muda mrefu akirudia maneno ili mashine izoee sauti yake. Neno "three" liliisumbua. Ilimrudisha, ilimrudisha, mpaka akalitamka inavyotaka yenyewe.

Nilimwuliza kama anaijua habari ya Kisch. Hakuijua. Nilipomsimulia alinyamaza, halafu akasema, "Yule alisomewa mara moja. Mimi nasomewa zamu nzima."

Hilo silipati kwa O'Grady, silipati kwa Tan, wala kwa Patrić. Limo kwenye simu yangu, dakika ya 6 ya ujumbe wa sauti, na nyuma yake inasikika tramu.

Kuhusu shangazi: alimpigia mwenyewe, Jumapili, akamwambia yote, wakala, ghala, digrii iliyofutwa. Mimi nilikuwepo, nimekaa mkekani, simu imewekwa sauti kubwa. Shangazi hakulia. Aliuliza, "Hilo boksi moja lina kilo ngapi?" Akaambiwa mengine 5, mengine 16. Akauliza yako mangapi kwa zamu. Akauliza anakula saa ngapi. Mimi mwandishi, katika miezi yote ile, sikuwahi kuuliza hata moja katika hayo.

Binamu ameruhusu makala haya, kwa sharti kwamba jina lake lisiwemo. Hadithi yenyewe hajaamua. Juzi nilimtumia kurasa 2 za kwanza zilizoandikwa upya. Theluji nimeitoa, na "mimi" nimeigeuza kuwa "yeye". Alama 2 za bluu zimetokea, hajajibu. Saa hizi kwao ni alfajiri.