Sekunde 60 za Kukimbia, Sekunde 90 za Kutembea

Siku ya kwanza mtu anakimbia dakika nane tu, tena za vipandevipande. Anatembea haraka dakika tano ili mwili upate moto, kisha anakimbia sekunde 60, anatembea sekunde 90, anakimbia tena 60, anatembea tena 90, mpaka dakika 20 zitimie. Mizunguko minane. Anarudi nyumbani nguvu zikiwa bado zimo, na pengine moyoni ana kinyongo kidogo, kwa sababu alijiandaa kuteseka na mateso hayakuja. Kesho yake ni marufuku kukimbia. Keshokutwa anarudia yaleyale.

Mpango huo unaitwa Couch to 5K. Aliuandika Josh Clark wa Marekani mwaka 1996, akiwa kijana ambaye yeye mwenyewe alianza kukimbia kwa taabu, na akataka wengine wavuke taabu ile kwa wepesi zaidi, mama yake mzazi akiwa miongoni mwao. Ni wiki tisa, siku tatu kila wiki, nusu saa hivi kila siku, na shabaha yake ni kumtoa mtu kwenye kochi hadi aweze kukimbia kilomita 5 bila kusimama. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza iliuchukua ikautengenezea programu ya simu, na leo mtu yeyote wa Mwanza au Mombasa mwenye simu na raba anaweza kuuanza kesho alfajiri. Wengi wanaufuata. Ni wachache wanaokaa chini kuutazama ulivyoundwa, na mimi nauona kuwa umeundwa kwa mkono wa fundi.

Ufundi wenyewe una ukoo. Arthur Lydiard wa New Zealand alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu jijini Auckland, na wakati huohuo kocha aliyewafundisha Peter Snell na Murray Halberg; siku moja ya Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, wote wawili walichukua dhahabu, mmoja katika mita 800 na mwingine katika mita 5,000. Kocha mwingine angebaki na mabingwa wake. Lydiard aliwageukia wanaume wa makamo wenye vitambi, baadhi yao wagonjwa wa moyo, katika zama ambazo mgonjwa wa moyo aliambiwa akae kitini atulie. Akawaambia wakimbie, lakini kwa mwendo unaomwachia mtu pumzi ya kuongea na mwenzake. Mwaka 1962 wakaanzisha klabu yao Auckland. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bill Bowerman, kocha maarufu wa Oregon, Marekani, aliyejiona yuko imara kabisa, akawatembelea, akatoka kukimbia nao, na mzee wa zaidi ya miaka 70 akamwacha nyuma. Bowerman aliporudi Eugene akafungua mafunzo kwa watu wa kawaida wa mji ule, kisha pamoja na daktari wa moyo W. E. Harris akaandika kitabu, Jogging, kilichowafungulia mlango watu wengi sana. Ile hekima ya mwendo wa polepole ndiyo iliyofika hadi kwenye karatasi ya Clark.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe.

Mtu anapoanza kukimbia, misuli hudai oksijeni papo hapo, lakini moyo na mapafu huchukua dakika mbili tatu hivi kulifikia dai hilo. Pumzi ya anayeanza hukatika ndani ya pengo hilo. Kifua kinawaka, mdomo unakauka, naye anaamini kwamba kukimbia ni hivyo mwanzo hadi mwisho, hivyo anaacha na kusema mbio hakuumbiwa. Sekunde 60 zimekatwa kwa kipimo cha kumsimamisha kabla hali haijawa mbaya. Zile 90 za kutembea nazo zimepimwa: zinarudisha pumzi kiasi cha kuanza tena, wala haziuachi mwili upoe. Wiki ya pili kukimbia kunakuwa sekunde 90 na kutembea dakika mbili. Ni wiki ya tatu tu ndipo dakika tatu mfululizo zinapoingia, na hapo mwanafunzi anaonja kwa mara ya kwanza jambo ambalo kila mkimbiaji analijua: ukishavuka ile sehemu ya mwanzo pumzi inakaa sawa, mbio inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa dakika moja nyuma. Mpango umemficha jambo hili wiki mbili nzima, mpaka mwili wake uwe tayari kulipokea. Kwangu mimi hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana waziwazi.

Nimeichukua karatasi nikajumlisha dakika za kukimbia peke yake, nikiacha zile za kutembea, na hesabu ikaniambia kitu ambacho macho hayakukiona. Wiki ya kwanza ni dakika 8 kwa siku. Ya pili ni 9 hivi. Ya tatu, pamoja na zile dakika tatu zinazotisha, ni 9 vilevile: vipande vimerefuka, jumla imebaki palepale. Halafu wiki ya nne, kukimbia tatu, tano, tatu na tano, jumla inaruka hadi 16. Hiyo karibu ni mara mbili, na ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika mpango mzima, lakini imegawanywa kwa namna ambayo mtu haioni kama ngazi ndefu. Wanaofuata mpango hawaiogopi sana wiki ya nne. Wanaiogopa ya tano.

Na wana sababu. Siku ya kwanza ya wiki ya tano ni kukimbia dakika tano mara tatu. Siku ya pili ni dakika nane mara mbili, na katikati kutembea dakika tano. Siku ya tatu imeandikwa dakika 20, moja kwa moja, bila kutembea hata kidogo. Anayeisoma Jumatatu anashtuka. Juzi tu kipande chake kirefu kuliko vyote kilikuwa dakika tano. Lakini zijumlishe: 15, 16, 20. Miguu inaongezewa dakika nne tu juu ya ile ya siku ya pili. Kilichoondolewa ni ile ahadi ya kutembea. Mwandishi alijua kwamba mwili umeshaweza na akili bado haijaambiwa, akachagua kuiambia akili kwa njia pekee inayoaminika, nayo ni kumfanya mwenye akili azikimbie hizo dakika 20 kwa miguu yake.

Kisha angalia kinachofuata, maana watu wengi wanakipita haraka. Wiki ya sita haiendelei pale ushindi ulipoachia. Inarudi nyuma: kukimbia tano, kutembea tatu, kukimbia nane, kutembea tatu, kukimbia tano. Siku inayofuata ni kumi, kutembea tatu, kumi. Ndipo zinakuja 25. Fundi asiye na subira angelevywa na zile 20 akaweka 22, 24, 26 mfululizo, karatasi ingependeza na magoti yangelipa. Clark anawapumzisha walioshinda. Zaidi ya hapo anawafundisha kwamba kutembea katikati ya mbio hakukuwa udhaifu wa wiki za mwanzo. Ni chombo, na kitatumika tena. Wiki ya saba ni 25, ya nane 28, ya tisa 30. Sehemu hiyo haina maelezo mengi, njia imenyooka.

Kwa nini uangalifu wote huu? Kwa sababu viungo vya mwili havijifunzi kwa kasi moja. Maji ya damu huanza kuongezeka ndani ya siku chache za mwanzo, moyo unasukuma kwa urahisi zaidi, na ndani ya wiki chache misuli inaanza kuitumia oksijeni vizuri. Kano na mifupa ni vizito. Mfupa unapopewa mzigo mgeni, kwanza mwili hutuma chembe zake kuula mfupa wa zamani, vinabaki vitundu, na kuvijaza tena huchukua miezi. Kwa hiyo zipo wiki, hasa baada ya ile ya tatu, ambapo mtu anajisikia hodari kifuani wakati muundi wake uko dhaifu kuliko siku aliyoanza. Anayekimbia polepole hupiga kama hatua 150 hadi 170 kwa dakika, na kila hatua inaishukia ardhi kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Zile dakika nane za mwanzo, zinazodharauliwa, ni mapigo 1,200 au zaidi. Fundi mwashi akishamwaga zege haondoi mbao kesho yake kwa kuwa juu pamekauka. Anamwagilia, anasubiri, maana anajua ndani bado ni bichi. Siku za kupumzika katika mpango huu ndizo huko kusubiri. Anayeziona kuwa siku tupu, akazijaza mbio za ziada kwa sababu anajisikia vizuri, huyo ndiye baada ya muda unamwona amekaa pembeni akijikanda muundi.

Jambo moja mpango hauwezi kukuandikia, nalo ni mwendo. Hapa sisi tuna urithi ambao Lydiard angeufurahia. Aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi, na hadi leo klabu za jogging za Dar es Salaam hupita barabarani Jumapili zikiimba, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia. Watu huuona wimbo kama hamasa, nao ni hamasa kweli, lakini pia ni kipimo. Kundi haliwezi kukimbia kasi kuliko pumzi ya anayeimbisha. Waitikiaji wanapumua anapotoa yeye, naye anapumua wanapoitikia, na mwendo unabaki pale unapowafaa wote. Anayeanza peke yake, asiye na kundi, na apime hivyohivyo: aseme sentensi nzima kwa sauti. Ikikatika katikati, apunguze. Katika joto na unyevu wa Pwani atapunguza zaidi, kwani moyo unalisha misuli na wakati huohuo unapeleka damu kwenye ngozi ili mwili upoe. Alfajiri kabla jua halijachomoza ndiyo saa yake. Hata huko Iten na Kaptagat nchini Kenya, kwenye mbio zao nyepesi, mabingwa huondoka kwa mwendo wa kushangaza jinsi ulivyo wa taratibu, miguu ikiburuza vumbi. Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, ameishi miaka mingi chini ya ratiba za kocha wake Patrick Sang, na kila zoezi huliandika daftarini. Mtu wa kiwango kile bado anapangiwa lini aende kasi na lini ajizuie.

Nina neno moja la kuusahihisha mpango wenyewe, nalisema kwa heshima. Jina lake linaahidi kilomita 5, na karatasi inaishia dakika 30. Ili hizo mbili zikutane lazima mtu aende kilomita 10 kwa saa, na wengi wanaoanza, hasa watu wazima na wenye uzito, hawaendi hivyo. Dakika 30 zao ni kilomita tatu na nusu, au nne. Wapo wanaovunjika moyo hapo, kana kwamba wameshindwa mtihani ambao kwa kweli wameufaulu. Ushauri wangu ni kufuata dakika na kuiacha kilomita kabisa mpaka wiki ya tisa iishe. Moyo, misuli na mifupa vinahesabu muda na mapigo, mita havizijui. Na wiki iliyokuwa ngumu irudiwe bila haya, hata mara mbili, kabla ya kusonga.

Kisha kuna kinachokuja baada ya wiki ya tisa, ambapo karatasi inanyamaza. Wiki tisa ni siku 63. Mfupa ulioanza kuliwa na kujengwa wiki za mwanzo haujamaliza ujenzi wake, na huu ndio wakati ambao mwanafunzi, akiwa na furaha yake yote, anataka kujiandikisha nusu marathoni ya Moshi. Ningemwambia abaki kwenye dakika zake 30, siku tatu kwa wiki, mwezi mzima zaidi, bila kuongeza dakika wala kasi. Mwezi ukiisha, achague siku moja kati ya zile tatu na kuiongezea dakika tano, na zile mbili aziache kama zilivyo.