Marufuku Ilipowakumba Hata Wapunguzaji

Niseme mapema: kuzuia ukataji ovyo wa miti mwaka wa 2018 kulikuwa sawa, lakini kuufungia upunguzaji, yaani kutoa miti dhaifu ili iliyobaki inenepe, humo humo lilikuwa kosa la kitaalamu. Kosa hilo litafika hata hapa Kware, Nairobi, likiwa mbao kwenye lori.

Tarehe 24 Februari 2018, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alitangaza kusitishwa kwa ukataji katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku zikaongezwa, zikawa miaka, hadi Ruto huyo huyo, sasa akiwa Rais, alipotangaza kuiondoa marufuku Julai 2023. Jopokazi lililoundwa kuchunguza ukataji huo lilifichua uporaji wa miti ya asili, na kwa hilo lilifanya vyema. Ila mtu anayeangusha saiprasi iliyokomaa na yule anayetoa saiprasi dhaifu ili jirani yake inenepe walihesabiwa kundi moja, na msumeno ukanyamaza kote.

Fanyeni hesabu. Saiprasi zikipandwa kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5, hekta moja hubeba miche 1,600, kila mmoja ukiwa na mita mraba 6.25. Miaka ya mwanzo hazigombani. Kisha matawi hugusana, na yaliyo chini hukosa jua kama vyumba vya chini vya ghorofa za Pipeline, ambako taa huwashwa mchana. Matawi hayo hufa. Mti unaendelea kurefuka lakini haunenepi. Ukiacha 800, kila mti unapata mita mraba 12.5, na ukuaji wa hekta nzima, ambao haupungui sana, unahamia kwenye mashina machache manene. Anayechana mbao anataka unene huo. Fito 1,600 hazimpi ubao wa inchi nane.

Wanaosema marufuku imekwisha, basi tupunguze sasa, wanasahau saa. Mti uliobanwa miaka mitano umebaki na majani kidogo kileleni. Ukiufungulia nafasi ghafla hauna majani ya kuitumia, na kwa kuwa ni mrefu na mwembamba, upepo unaupinda au kuung'oa. Upunguzaji uliochelewa haurudishi miaka iliyopotea.

Na tulikuwa tumeonywa. Mwaka wa 1999 serikali ilifunga ukataji, ikaviachia viwanda vikubwa vichache, kikiwemo cha karatasi cha Webuye. Wachana mbao wadogo wakafungiwa nje. Nimelalamika juu ya upendeleo ule kwa miaka, na sitaacha. Lakini Webuye angalau ilinunua miti myembamba. Kiwanda hicho kilipofungwa mwaka wa 2009, soko la vijiti vya upunguzaji lilipata pigo.

Walioujua mchezo huu walikuwepo. Huko Afrika Kusini, I. J. Craib aliandika mwaka wa 1939 kuwa miti ya kigeni ipunguzwe mapema na kwa nguvu, akapingwa na wengi waliozoea misitu ya Ulaya. Hakusubiri miti iumie ndipo atoe shoka. Leo tunashangilia lengo la serikali la miche bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo ya kuipanda. Mche ni mwanzo tu. Mbona hakuna siku ya kuipunguza?

Ujenzi wa Kware na Pipeline unakula nguzo za kushikilia slabu kila wiki. Upunguzaji ndio unaozalisha nguzo hizo kihalali, bila kugusa mti wa miaka 30.

Kwa Wizara ya Mazingira na Huduma ya Misitu: marufuku ijayo, kama itakuja, iandikwe na mstari mmoja unaosema wazi kwamba upunguzaji na upogoaji unaendelea. Na orodha ya mashamba ya saiprasi yaliyokosa kupunguzwa kati ya 2018 na 2023 itolewe hadharani, shamba kwa shamba.