Ufundi wa Kupuuza

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, anaishi sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa takriban nusu kilo anayepekua majani makavu kwa pua yake ndefu. Hutembea mchana, na akishtuka hutimka kabla hujamtazama vizuri. Anayetaka picha yake bila kumsumbua hufunga kamera mtini, karibu na ardhi, akaenda zake. Wengi huisifu kamera. Mimi nawasifu mafundi waliobuni kile kikopo cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachoiamsha.

Kila chenye joto hutoa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Ndani ya kikopo mna vipande viwili vya fuwele au kauri, kila kimoja upana wa milimita moja hivi na urefu wa mbili. Kipande kikipata joto au kikipoa hutoa chaji ndogo mno ya umeme. Joto likitulia, nacho kinanyamaza. Hayo ni maumbile tu. Ustadi uko katika kuviunganisha: vimewekwa vipingane, hiki chanya, kile hasi. Wingu likipita na jua kukiwakia kichaka kizima, vyote hupata joto sawasawa na chaji zao hufutana. Sange akikatiza, joto lake hukifikia kimoja kwanza, kisha cha pili. Umeme hupanda, ukashuka, kamera ikaamka.

Naipenda sana akili hii. Kihisi hakikufundishwa kumjua mnyama, kilifundishwa kuyapuuza yasiyo mnyama. Hata kidirisha chake cha silikoni huuzuia mwanga wa kawaida na kupitisha mawimbi marefu tu, ya mikromita 8 hadi 14 hivi. Mbele ya kidirisha kuna lenzi nyembamba ya plastiki yenye mifuo, mjukuu wa lenzi alizobuni Mfaransa Augustin Fresnel miaka ya 1820 kwa minara ya kuongozea meli. Lenzi hiyo huligawa eneo vipande vipande, ili mnyama asonge kidogo tu awe amevuka mpaka.

Pwani yetu huujaribu ufundi huu kwelikweli. Kihisi huona tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake, na mchana wa Februari ardhi iliyopigwa jua huweza kulingana kwa joto na manyoya yake. Ukiongeza wepesi wa kuhisi, kila tawi linaloyumba juani linapigwa picha mpaka betri inakwisha. Ukiupunguza, sange anapita salama. Hapo kazi humwangukia anayeifunga kamera: atafute kivuli, asiielekeze mawio wala machweo, na aiweke iukate ujia badala ya kuutazama kwa urefu wake, maana anayekatiza mbele ya lenzi huhisiwa upesi kuliko anayeijia moja kwa moja.

Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba kamera za aina hii, zilizowekwa katika misitu ya Boni na Dodori kaskazini mwa pwani hiihii, zilimnasa sange ambaye hawakuweza kumlinganisha na yeyote waliyemjua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulimtambua kuwa ndugu wa karibu wa huyu wa Arabuko-Sokoke.